Kupanda Mchongoma, Kushuka Ndiyo Ngoma

Msimu wa kulima ukifika Morotonga, mkoani Mara, si kila plau hubebwa kwa mkokoteni mpaka shambani. Mkulima hutafuta gogo lenye panda, hulifunga mnyororo kwenye nira ya maksai, kisha huilaza plau juu ya zile panda mbili ili ncha yake isilike njiani. Mvulana hutangulia mbele ya ng'ombe, baba hufuata nyuma, na chombo kisicho na gurudumu wala msumari huburuzika hadi shambani. Mabwana shamba hawakipendi kwa kuwa huchimba mfereji, na mvua mbili tatu zikinyesha mfereji hugeuka korongo. Lakini kwenye tambarare hakina ubaya. Kazi huanza pale njia inapoinama kuelekea kijitoni. Hapo gogo hutaka kuwapita ng'ombe wanaolivuta, huwagonga miguu ya nyuma, nao wakishtuka mambo huharibika. Baba hulazimika kulizuia kwa nyuma, kwa kamba au kwa uzito wake mwenyewe, huku akimpigia mvulana kelele asikimbie.

Wahenga waliona mbali waliposema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Anayepanda tunamsifu, maana jasho lake linaonekana. Anayeshuka tunadhani amebebwa tu na mteremko. Mimi nimewastahi washukaji kwa muda mrefu, na kuna makundi mawili ninayoyaweka juu ya mengine yote: waendesha chukudu wa Goma, na wale wanaume wa Ulaya walioteleza na sleji kwenye njia za barafu katika miaka ya 1950 na 1960. Hawakuwahi kukutana, na hakuna aliyejifunza lolote kwa mwenzake.

Nianze na walio karibu. Chukudu ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachotumika Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, tangu miaka ya 1970, enzi za Mobutu, uchumi ulipodidimia na usafiri wa magari ukawa ndoto kwa mkulima wa kawaida. Ni ubao mrefu wa kukanyagia unaoinuka kuelekea mbele, gurudumu dogo mbele na jingine nyuma, na usukani wa mti wenye mikono miwili. Kikubwa huweza kupita mita mbili. Hakina injini, hakina pedali, hakina mnyororo. Hubeba mamia ya kilo.

Fundi wa chukudu hufanya kazi kwa panga, msumeno, patasi na nyundo, na kazi humchukua siku moja hadi tatu. Mbao zake ni mkaratusi na mti mgumu uitwao mumba. Mahali pa kumpimia fundi ni magurudumu. Gurudumu huchongwa kwa mti, tundu la katikati hutiwa beringi iliyotolewa kwenye gari kuukuu, na ukingo wake huvishwa mkanda uliokatwa kwenye tairi na kupigiliwa misumari. Inaonekana kazi rahisi. Lakini tundu likikosea katikati kwa unene wa kidole tu, gurudumu litacheza kila linapozunguka, na chini ya magunia manne ya viazi mchezo huo huwa mtikisiko unaolegeza kila kiungo cha chombo. Fundi hana mashine ya kukerezea. Ana jicho lake, na ana subira ya kuzungusha gurudumu, kuchonga kidogo, kuzungusha tena. Mkanda wa mpira nao una kazi mbili: hupunguza vishindo vya mawe ya lava, ambayo Goma imejaa, na huzuia mti usipasuke. Chombo kilichotunzwa hudumu miaka miwili au mitatu, kisha mbao huchoka, mwenyewe hurudi kwa fundi, na beringi zikiwa bado nzima huhamia kwenye chombo kipya.

Breki ndiyo inayonivutia kuliko yote. Ni kipande cha mpira wa tairi kilichotundikwa juu ya gurudumu la nyuma, ambacho mwendeshaji hukikanyaga ili kikabane na gurudumu. Basi. Hakuna waya wala spana ya kukazia. Nguvu ya breki ni nguvu ya mguu, na kipimo chake kiko unyayoni.

Sasa mfikirie mtu aliyepakia Kibumba, kule juu kwenye miteremko ya Nyiragongo, anayeshuka kwa barabara ya Rutshuru kuelekea mjini. Amebeba viazi, kabichi, mkaa au mbao. Mahali pa tambarare hupiga goti moja juu ya ubao, kwenye kipande cha mpira alichokiweka kusudi, na kusukuma ardhi kwa mguu mwingine. Mteremko ukianza, anasimama. Mguu mmoja uko karibu na breki, mikono iko kwenye usukani, macho yako mbali mbele. Mzigo uko mbele yake na ni mzito kuliko yeye mara kadhaa. Akiuachia ukolee kabla ya kona, hakuna misuli itakayourudisha. Akikanyaga breki bila kuachia, mpira hupata moto na kulika upesi, na safari bado ni ndefu. Kwa hiyo hukanyaga na kuachia, hukanyaga na kuachia, mapema kuliko mgeni angedhani inafaa, kabla kona haijaonekana kuwa kona. Kuna malori, kuna pikipiki, kuna mashimo, kuna mbuzi wa mtu. Anapofika sokoni hakuna anayempigia makofi. Viazi vimefika bila kuchubuka, ndiyo stakabadhi yake.

Na barabara hiyo haijawahi kuwa ya kuaminika. Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava iliyopita katikati ya Goma, na Mei 2021 ikamwaga tena na kuikata njia ya Rutshuru. Vita navyo vimeifunga na kuifungua mara nyingi kuliko inavyoelezeka. Kila mara inapofunguka, chukudu huwa miongoni mwa vyombo vya kwanza kupita, kwa kuwa hakihitaji mafuta na hupita penye upana wa mtu. Mwaka 2009 Goma ilisimamishiwa sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu yake, Rais Joseph Kabila akaizindua. Sijui miji mingi iliyothubutu kumweka mchukuzi mahali ambapo miji mingine huweka jenerali juu ya farasi.

Wale wa barafu walipata medali, lakini hilo lisitufanye tuwaone kama watu waliokuwa wakicheza. Sleji ya mashindano ya katikati ya karne iliyopita, bobuslei, ilikuwa chombo cha chuma kilichokaa juu ya vyuma vinne vya kutelezea: viwili vya mbele viligeuka, viwili vya nyuma havikugeuka. Wanaume wawili au wanne waliisukuma wakikimbia, wakarukia ndani mmoja baada ya mwingine, na kuanzia hapo kilichowashusha ni uzito wao tu. Njia yenyewe ilikuwa mfereji wa barafu uliojengwa kwa theluji na maji, kwa koleo na mikono. Ule wa St. Moritz, Uswisi, wenye urefu wa mita 1,722, hadi leo hujengwa upya kila majira ya baridi, na majira yakiisha unayeyuka wote.

Uzito uliwasumbua kama unavyomsumbua mtu wa Kibumba, ila kwa kinyume. Msuguano wa barafu huongezeka kadiri mzigo unavyoongezeka, lakini upepo unaokupinga usoni hauongezeki kwa sababu wewe ni mnene. Kwa hiyo mzito hushuka haraka kuliko mwepesi. Wajerumani walilitumia hilo bila aibu kwenye Olimpiki ya Oslo ya 1952: Andreas Ostler na wenzake watatu walikuwa na jumla ya kilo 472, wastani wa kilo 118 kwa kila mmoja, nao wakashinda. Baada ya hapo ikaanza kutumika kanuni ya kikomo cha uzito. Nadhani ilikuwa kanuni ya busara. Bila hiyo mchezo ungeishia kuwa mashindano ya kula.

Kikomo kilipowekwa, ufundi ulirudi mikononi, na kabla ya kufika kwa dereva ulipita kwa fundi. Hapa namtaja Fritz Feierabend wa Engelberg, Uswisi, mtu aliyetengeneza sleji na pia akaziendesha. Alipata medali 5 za Olimpiki kati ya 1936 na 1952, tatu za fedha na mbili za shaba, na sleji za familia yake zilisakwa na timu za nchi nyingine. Dhahabu ya Olimpiki haikumwangukia hata mara moja. Simwonei huruma. Mtu anayekijua chombo kwa vidole kabla hajakikalia huwa anasikia mambo ambayo dereva wa kawaida hayasikii: mlio wa chuma kisichokaa sawa, bolti iliyoanza kulegea, kona inayomwambia kwamba upande mmoja umenolewa kupita kiasi.

Ama uendeshaji, sheria yake kuu ingemshangaza kijana yeyote wa bodaboda. Dereva mzuri hufanya kidogo. Kwenye kona, sleji hupanda ukuta wa barafu yenyewe kwa nguvu ya mwendo wake. Dereva huchagua mahali pa kuingilia na wakati wa kuiomba ishuke, kwa kuvuta kamba au kuzungusha usukani kwa kiasi kidogo sana. Kila mvuto usiohitajika hukifanya chuma kikwaruze barafu kwa ubavu, na mkwaruzo ni kasi inayomwagika. Ndiyo maana kabla ya mashindano waliitembea njia nzima kwa miguu, kona kwa kona, wakiikariri. Wakishaingia ndani hapakuwa na muda wa kufikiri. Felix Endrich, Mswisi aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa 1948, alifariki kwenye njia ya Garmisch-Partenkirchen mwaka 1953, ajali ikimkuta akiwa miongoni mwa wajuzi kuliko wote.

Aliyenifundisha zaidi kwenye mchezo huu ni Mwitaliano Eugenio Monti. Alikuwa mtelezaji wa ski hadi magoti yalipoumia mwaka 1951, ndipo akahamia kwenye sleji. Cortina d'Ampezzo, 1956, alipata fedha mbili. Mwaka 1960 wenyeji wa Olimpiki, Squaw Valley, walikataa kujenga njia, kwa hiyo mchezo haukuwepo kabisa. Mwaka 1964 Innsbruck, Waingereza Tony Nash na Robin Dixon walivunjikiwa na bolti ya ekseli katikati ya mashindano. Monti, ambaye alikuwa anashindana nao, alifungua bolti kwenye sleji yake mwenyewe na kuwapelekea. Wakashinda dhahabu kwa tofauti ya sekunde 0.12 dhidi ya Waitaliano wengine, yeye Monti akaambulia shaba. Nyumbani walimlaumu. Jibu lake lilikuwa kwamba Nash hakushinda kwa ajili ya bolti, alishinda kwa kuwa alishuka haraka kuliko wengine. Watu husimulia kisa hiki kama habari ya uungwana, nami sikatai, lakini mimi nasikia ndani yake sauti ya fundi. Kwake bolti iliyovunjika ilikuwa uchafu ulioingia kwenye kipimo. Alitaka kujua nani anashuka vizuri zaidi, na huwezi kujua hilo ikiwa mmoja amekaa kando anatafuta kipuri.

Dhahabu ilimjia mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 40, huko Alpe d'Huez, Ufaransa. Njia ilikuwa mahali jua linapopiga, barafu ikawa inalainika, hivyo ilibidi washindane alfajiri kabla hakujapambazuka vizuri. Kwenye sleji ya watu wawili, jumla ya muda wa Monti na wa Horst Floth wa Ujerumani Magharibi ililingana hadi sehemu ya mia ya sekunde. Dhahabu akapewa Monti kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mteremko mmoja wa haraka kuliko yote. Akaongeza ile ya watu wanne, kisha akastaafu.

Kinachowatenganisha watu hawa na wale wa Kibumba ni breki. Sleji ilikuwa nayo: meno ya chuma yaliyokuwa nyuma, mikononi mwa mtu wa mwisho, ambayo huchimba barafu yakivutwa. Lakini yalikuwa ya kuvutwa baada ya mstari wa mwisho. Kuyavuta njiani ni kuiharibu njia kwa wote wanaofuata. Mshika breki wa Monti alikaa kimya dakika nzima akiwa ameshika chombo asichoruhusiwa kukitumia, akiinamisha kichwa, akijitahidi asiwe kizuizi kwa upepo. Mtu wa chukudu naye hutumia breki tangu Kibumba hadi Goma. Mmoja anaulizwa umewahi kwa kiasi gani, mwingine anaulizwa umefika na magunia mangapi.

Nikipata nafasi ya kuwakutanisha, ningempa Monti chukudu iliyopakiwa mkaa na kumwachia barabara ya Rutshuru. Nina hakika angeshuka vizuri. Angeitembea njia kwanza kwa miguu, angepiga magoti kukagua beringi, na pengine angemwomba fundi amwonyeshe jinsi ya kupata katikati ya gurudumu bila mashine. Mtu wa Kibumba naye angepewa sleji pale St. Moritz, na ninadhani angeuliza swali moja tu kabla ya kukaa: breki iko wapi? Wakimwonyesha, na kumweleza kwamba haiguswi mpaka safari iishe, angeshuka chini, aizunguke sleji mara moja, na kuuliza bei ya mbao.