Plastiki ya muhogo inatiririka, sawa. Lakini inabeba nyanya?

Kuna pishi linalozunguka sana mitandaoni na kwenye maonesho ya sayansi shuleni: wanga wa muhogo, maji, siki kidogo, vijiko viwili vya glisarini. Koroga jikoni mpaka uwe ute, tandaza kwenye bati, anika. Ukibandua unapata karatasi laini inayong'aa, na msimulizi anatangaza kwamba mbadala wa rambo umepatikana. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 1 Juni 2019, kauli hiyo ina wasikilizaji wengi, hata huku kwetu Itumba.

Pishi lenyewe nalipenda. Hitimisho ndilo lenye shida.

Wanga mkavu hauyeyuki; unaungua kwanza, maana minyororo yake imeshikana kwa vifungo vya haidrojeni. Glisarini ni kilainishi: inajipenyeza katikati, minyororo inapata nafasi ya kuteleza. Maabara hupima utelezi huo kwa kuweka plastiki kwenye kipipa chenye joto, mara nyingi nyuzi 190, na kuisukuma kwa uzito wa kilo 2.16 ipite kwenye tundu dogo. Gramu zinazotoka kwa dakika 10 ndizo jibu. Ukiongeza glisarini, gramu zinapanda, na wengi wanaandika "imeboreka".

Imeboreka kwa kazi gani? Mfuko hutengenezwa kwa kupuliza plastiki iliyoyeyuka kama puto. Ikiwa nyepesi mno, puto linaporomoka. Jaribu kupuliza uji! Kipimo cha uzito mmoja hakikuonyeshi hilo. Halafu maji yaliyomo huchemka kwenye joto hilo na kuleta mapovu, kwa hiyo bila kutaja unyevu wa sampuli, namba yako haina maana sana.

Kinachosahaulika zaidi ni muda. Kila mtu anajua kiporo cha ugali kinavyokakamaa. Minyororo ya wanga inajipanga upya, na karatasi ya muhogo hupatwa na hayohayo. Glisarini nayo inavuta unyevu hewani. Masika ya Ileje karatasi itanata, kiangazi itakauka na kukatika. Na ukipunguza sana glisarini ukidhani utaiimarisha, inaweza kuwa ngumu na dhaifu kuliko mwanzo; ndiyo maana watafiti wengi hucheza kati ya asilimia 20 na 40 ya uzito.

Mater-Bi, plastiki ya wanga ya kampuni ya Novamont ya Italia inayotumika kwenye mifuko Ulaya, si wanga na glisarini tu: wanga umechanganywa na poliesta inayooza. (Mifuko mbadala tunayobebea sokoni, kwa taarifa yako, mingi ni polipropilini, plastiki vilevile.)

Kwa hiyo anayepeleka pishi hili kwenye maonesho apime glisarini kwa gramu, si vijiko. Avute kipande kimoja siku ya kwanza na kingine baada ya mwezi, kisha aweke vyote viwili mezani.