Mlango wa Upande wa Chini

Katika mashimo ya Sirikwa mlango huwa mmoja, nao huwa upande wa chini wa mteremko. Ukishaelewa kwa nini uliwekwa huko, umelielewa karibu jengo zima. Kazi yangu ni kuchora nyumba hapa Nakuru, na nikiulizwa ni msanifu gani anayenitia hamu ya kubuni, wa kwanza kumtaja ni huyo aliyeuweka mlango huo karne kadhaa zilizopita, ambaye jina lake halikusalia. Wa pili ni Francis Kéré wa Burkina Faso. Wa tatu hajengi nyumba, anafinyanga: Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi. Hao wawili nitawafikia, lakini sehemu kubwa ya nafasi hii nampa wa kwanza, kwa sababu kazi yake iko hapa kwetu na watu wengi huipita kila siku wakiwa ndani ya matatu.

Kazi hiyo iko Hyrax Hill, kilima kidogo cha mawe kilichopewa jina la pimbi, kilicho yapata kilomita nne kutoka katikati ya mji, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi. Mwanaakiolojia Louis Leakey alikitambua kuwa mahali pa kale mwaka 1926. Mary Leakey akachimbua mwaka 1937 na 1938, kilima kikawekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1943, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1965. Kina mambo mengi: makaburi ya watu wa kale, kuta za mawe, hata vishimo vya mchezo wa bao vilivyochongwa mwambani. Mimi huenda moja kwa moja upande wa kaskazini-mashariki, kwenye vibonde vya mviringo vilivyofunikwa na nyasi, vyenye matuta yaliyoumuka pembeni. Asiyeambiwa atadhani ardhi imetitia tu, jambo tulilolizoea Nakuru, ambako udongo wa majivu ya volkano hufunguka nyufa mvua zikizidi.

Vibonde vya namna hii, ambavyo ndivyo mashimo ya Sirikwa, vimetapakaa kuanzia Nakuru hadi nyanda za juu za magharibi, Uasin Gishu, Nandi na kwingineko. Upana wake ni kati ya mita 10 na 20, na hupatikana kwa makundi, pengine chini ya kumi, pengine zaidi ya mia. Masimulizi ya Wakalenjin yanawataja waliovichimba kuwa ni Wasirikwa, watu waliotangulia, na wanaakiolojia wanakiweka kipindi chao kati ya karne ya 12 na ya 18 hivi. Walifuga ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Mary Leakey alivisoma vibonde hivyo kama nyumba za shimoni, yaani makao yaliyochimbwa kisha yakaezekwa. Ni usomaji unaovutia, lakini fundi yeyote akiusikia atauliza swali moja: paa la upana wa mita 12 au 15 lilibebwa na nini? Lingehitaji msitu wa nguzo, na nguzo huacha alama ardhini. Mwanaakiolojia John Sutton alipochimbua mashimo ya nyanda za magharibi katika miaka ya 1960, kisha akarudi Hyrax Hill katika miaka ya 1980, ushahidi ulielekea kwingine. Katikati ya kibonde hakukuwa na nyumba. Palikuwa zizi. Watu walikaa ubavuni mwake, katika nyumba za mviringo zilizoshikana na zizi kwa nje, na takataka zao, mifupa, jivu na vigae vya vyungu, zilirundikwa kando ya mlango. Kule Lanet, mwendo mfupi kutoka hapo, mwanaakiolojia Merrick Posnansky alikuwa amechimbua makazi ya jamii hiyohiyo mwaka 1957.

Sasa tulijenge zizi hilo upya, hatua kwa hatua.

Msirikwa aliyelichimba alichagua mteremko, si tambarare. Tambarare ukichimba shimo la duara, unapata dimbwi: maji yanaingia kutoka pande zote na hayana pa kutokea. Mteremkoni unakata upande wa juu tu. Kadiri unavyoingia ndani ya kilima, ukuta wa nyuma unarefuka wenyewe, huku upande wa mbele ukibaki sawa na ardhi ya nje. Hapo ndipo mlango ulipowekwa, na ndiyo maana ng'ombe hakuhitaji kupanda wala kushuka ngazi yoyote. Alitembea sawasawa hadi ndani ya shimo. Maji ya mvua, mkojo na tope vilifuata njia ileile kutoka nje. Mlango ukawa pia mfereji.

Kuzunguka ukingo uliwekwa uzio, na penye mawe mengi, kama Uasin Gishu, ulijengwa ukuta wa mawe badala yake. Lakini tazama faida iliyokwisha kupatikana kabla ya mti wa kwanza kusimikwa. Udongo wenyewe ulishatoa sehemu kubwa ya kimo, basi uzio mfupi ulitosha, na miti iliyokatwa ilikuwa michache. Ukuta wa udongo hauungui wala hauliwi na mchwa. Mnyama aliyesimama ndani yuko chini ya usawa wa macho ya anayevizia nje. Wezi wa mifugo waliokuja usiku kwa kikundi kidogo hawakuweza kuwatimua ng'ombe wavunje uzio popote na kutawanyika, maana pande zote isipokuwa moja zilikuwa ni ardhi. Walilazimika kupita mlangoni, na mlango ulilindwa.

Nyumba ndiyo inayonifurahisha zaidi. Ilisimama nje ya uzio, imegusana na zizi, na kuingia kwake kulikuwa kupitia zizini. Yaani njia ya mtu kwenda kulala ilipita katikati ya mali yake. Ng'ombe aliyekohoa, ndama aliyekosa kurudi, yote yangejulikana bila mtu kutoka nje gizani. Leo tunachora nyumba tukiweka gereji mbele na banda la kuku nyuma kabisa, kisha tunanunua kamera za kulindia vyote viwili. Aliyechimba hapa alitumia mpangilio wa vyumba kufanya kazi ya mlinzi.

Kisha kuna suala la samadi, ambalo wachoraji wengi hulisahau katika kila jengo la mifugo. Zizi likitumika, linajaa. Waliliparura, wakasukuma samadi na tope nje kupitia mlangoni, yaani kuteremka, kazi ambayo mvuto wa ardhi unaisaidia. Uchafu huo ukakusanyika upande wa chini na kuwa tuta. Kila usafishaji ulikwangua sakafu kidogo, kwa hiyo shimo liliendelea kuzama na tuta likaendelea kuinuka kadiri miaka ilivyopita. Jengo lilijichimba kwa kutumiwa. Baadaye boma lilihamia jirani, likachimbwa kibonde kingine, na ndiyo sababu tunaona makundi: si mji wa watu wengi walioishi pamoja, bali mara nyingi ni familia zilizosogea kidogo kidogo juu ya mteremko uleule.

Kazi hii ilikuwa kubwa kiasi gani? Tuchukue kibonde cha upana wa mita 12 na kina cha mita moja na nusu katikati, chenye umbo la kisahani. Ujazo wake ni takriban mita 85 za ujazo. Ukiita tipa inayobeba mita kumi, ni safari nane au tisa. Kwa mkono, mtu akitoa mita mbili za ujazo kwa siku katika udongo laini, watu kumi wanamaliza ndani ya siku tano. Tena hesabu hiyo ni ya tambarare. Mteremkoni udongo wa kuondoa hupungua, na kadiri shimo lilivyozidi kuzama kwa usafishaji, sehemu ya kina hicho haikuchimbwa siku ya kwanza. Hili halikuwa jambo la mfalme mwenye watumwa. Familia na majirani zake waliliweza kati ya msimu mmoja wa mvua na mwingine.

Upande wa pili wa mji, karibu na Njoro, kuna ngome ya Lord Egerton, iliyoanzwa mwaka 1938 na kukamilika mwaka 1954, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimeisimamisha katikati. Ndilo jengo ambako wageni hupelekwa wakitaka kuona usanifu wa Nakuru. Mawe yake yamechongwa kwa ustadi mkubwa, na mafundi walioyachonga wanastahili heshima yote. Lakini kama kifaa cha kujifunzia kubuni, hainipi mengi. Kila tatizo limetatuliwa kwa kuongeza kitu kingine, na vingi vya vitu hivyo vilisafiri kwa meli. Kibonde cha Hyrax Hill kilifanya kinyume chake. Tendo moja, kukata udongo mteremkoni, lilileta ukuta, mlango, mfereji, ulinzi na njia ya usafi kwa pamoja.

Hilo ndilo ninalolitafuta kwa kila msanii ninayempenda, na ndilo lililonifikisha kwa Kéré. Watu wengi walimjua mwaka 2022 alipopewa tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Mimi navutwa na kazi aliyoikamilisha mwaka 2021 ndani ya Bonde la Ufa letu hilihili, kaskazini, kando ya Ziwa Turkana: kampasi ya Startup Lions, ambako vijana hujifunza kazi za kompyuta. Joto la huko si la mchezo, na vumbi ni adui wa mashine. Kéré alitazama vichuguu vya mchwa vilivyo katika mandhari hiyo na kuinua minara mirefu ya kupumulia. Hewa moto ndani ya chumba hupanda na kutokea juu ya mnara, na ikitoka huivuta hewa baridi kuingia kupitia matundu ya chini. Kuta ni za mawe ya machimbo ya karibu, na majengo yanafuata mteremko wa kilima badala ya kuusawazisha. Mnara mmoja unapoza chumba, unapunguza mzigo wa umeme, na unakuwa alama inayoonekana kutoka mbali katika nchi isiyo na miti mirefu. Sidhani Kéré alihitaji kuiona Hyrax Hill ili kufika hapo. Alizaliwa Gando, akajenga shule ya kijiji chake mwaka 2001, na fikra hii aliikuza huko.

Na Odundo? Vyungu vya Lanet, vilivyookotwa katika makazi ya Wasirikwa, vingi vimepambwa kwa kamba iliyosokotwa iliyoviringishwa juu ya udongo mbichi. Mfinyanzi hakuchora mstari baada ya mstari. Aliviringisha kamba mara moja kuzunguka shingo ya chungu, na msokoto wenyewe ukaandika nakshi. Odundo naye, aliyekwenda Abuja nchini Nigeria katika miaka ya 1970 kujifunza kwa wafinyanzi wa huko, huujenga mwili wa chungu kwa mkono bila gurudumu, akausugua hadi ung'ae bila kupakwa rangi ya kioo. Rangi huachiwa moto. Chungu kikichomwa penye hewa ya kutosha hutoka na wekundu wa machungwa. Udongo uleule ukichomwa hewa ikiwa imebanwa hugeuka mweusi. Nikitazama chungu chake chenye wekundu na weusi pamoja, naona mahali hewa ilipofika na mahali ilipozuiwa. Hakuna rangi iliyoongezwa.

Katika kazi yangu, somo hili limenibadilishia mchoro wa kwanza kabisa, ule wa ploti iliyoko mteremkoni. Wateja wengi wanaonunua ardhi kuelekea volkano ya Menengai huleta tingatinga kwanza, husawazisha yote, kisha hulipia ukuta mrefu wa kuzuia udongo nyuma na kifusi cha kujazia mbele. Siku hizi nachora nikikata nusu ya juu pekee, naacha nusu ya chini ilivyo, na lango naliweka huko chini ambako gari litaingia sawasawa. Udongo uliokatwa unabaki ndani ya ploti kama tuta la bustani. Gharama ya ukuta hupungua na maji hujua pa kwenda.

Ila hapa pana tofauti ambayo mchoraji wa leo hapaswi kuisahau. Sakafu ya zizi la kale ilikuwa udongo, nao ulikunywa sehemu ya mvua kabla ya maji kufika mlangoni. Uwanja wa leo umemwagwa zege au kutandikwa vigae vya saruji, na maji yote huteremka langoni kwa wakati mmoja, yakatoka barabarani na kuingia kwa jirani wa chini. Kwa hiyo ndani ya lango nachora mfereji wenye kifuniko cha nondo, unaopeleka maji kwenye shimo la kuyafyonza, na shimo hilo naliweka mbali na msingi wa nyumba, zaidi ya vile fundi anavyopenda, kwa sababu majivu ya volkano yakilowa mahali pamoja kwa muda mrefu huondoka taratibu chini kwa chini na kuacha uwazi. Penye nafasi, nusu ya uwanja naiacha iwe nyasi na kokoto, ili udongo upate kunywa kama ulivyokunywa zamani.