Dharura haisubiri mgao

Washauri wengi wa fedha hutufundisha kwamba akiba ya dharura ni matumizi ya miezi 3 hadi 6 yaliyowekwa kando. Kipimo hicho kinamfaa mwenye mshahara. Mkulima wa Kisarawe anayepata fedha ya korosho kwa msimu, na katikati yake akauza mihogo kidogo kidogo, hana mwezi unaofanana na mwingine, kwa hiyo hajui hata azidishe nini mara tatu. Kwake naona yapo maswali mawili yanayotangulia kiasi: fedha hiyo inamfikia mkononi baada ya muda gani, na je, balaa linaloleta haja hiyo haliwezi kuifagia akiba yenyewe?

Ushahidi mzuri uko Kibaha. Januari 2010 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulianza kulipa ruzuku kaya maskini katika wilaya za Kibaha, Bagamoyo na Chamwino, kwa majaribio. Vijiji vilikuwa 80; 40 vilichaguliwa kwa kura kuanza kulipwa, vingine vikabaki kuwa vya kulinganishia. Malipo yalitoka kila baada ya miezi miwili. Tathmini ilipofanyika, kwa wastani akiba haikuonekana kubadilika, na anayeishia hapo atasema maskini hawezi kuweka akiba. Asome zaidi. Katika nusu ya kaya zilizokuwa maskini zaidi, akiba iliyo nje ya benki iliongezeka, mifugo nayo ikaongezeka, na kaya zilizopokea ruzuku zilikuwa mbele katika kulipia matibabu kwa bima. Kwa maoni yangu hao walikuwa wanajenga mfuko wa dharura, ila hawakuujenga kwa noti. Bima inaukabili ugonjwa kabla haujafika kwenye fedha ya ndani. Kuku anauzwa kwa jirani jioni ile ile mtoto anapochemka homa. Hata muhogo ulioachwa shambani, unaoweza kukaa ardhini mwaka mzima na zaidi, ni akiba ya chakula isiyohitaji ghala.

Atatokea mtu aseme kuku ni akiba ya hatari, maana ugonjwa wa mdondo ukiingia kijijini unamaliza banda zima kwa siku chache. Ni kweli, na ndiyo maana ya swali langu la pili. Lakini chanjo ya mdondo inatengenezwa hapo hapo Kibaha, kwenye Taasisi ya Chanjo, na hutolewa kwa tone moja jichoni, kisha ikarudiwa kila baada ya miezi michache. Gharama ya tone hilo ihesabiwe kuwa sehemu ya kuweka akiba, kama mwenye benki anavyohesabu makato. Asiyechanja amefuga bahati nasibu.

Pingamizi zito zaidi ni la kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa: kama kikundi kipo, kuku wa nini? Hapa wengi huchanganya mambo, na tulitazame sanduku la fedha la kikundi. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Siku ya kikao wanachama hununua hisa, tuseme za shilingi 2,000, kila hisa ikagongwa muhuri kwenye kitabu. Fedha hiyo haikai. Inakopeshwa siku hiyo hiyo, na ni vizuri ikopeshwe, kwa sababu faida wanachama wanayogawana mwisho wa mzunguko, siku ya mgao, inatoka huko. Pembeni kuna kifuko kingine, mfuko wa jamii, wa shilingi 500 kila mtu. Kikundi cha watu 25 kinachokutana kila wiki kinaweka humo 50,000 kwa mwezi, basi. Misiba miwili ikifuatana, kifuko kimekauka, na hisa ziko mikononi mwa wakopaji. Hisa ni akiba ya bati na mahitaji ya shule. Dharura inahudumiwa na kile kifuko tu, ambacho katika vikundi vingi ndicho kinachopewa uzito mdogo kuliko vyote.

Wapo wanaosema simu imemaliza tatizo. Fedha ya simu ina kasi kweli, lakini ina makato, na ukaribu wake unaifanya itoke kwa jambo lolote dogo. Naiona inafaa kwa nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitali ya Tumbi usiku; kwa zaidi ya hapo, sina imani nayo.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni kalenda. Vikundi vingi huvunja kikoba Desemba, wakati fedha ya korosho nayo imeshaingia. Januari mahitaji ya shule yanachukua sehemu kubwa, halafu mzunguko mpya unaanza na sanduku tupu. Machi masika inaingia, barabara za udongo zinakatika, malaria inapanda, na mfuko wa jamii una michango ya wiki chache tu. Kikundi kinachoandika kwenye katiba yake kwamba mfuko wa jamii haugawanywi siku ya mgao, bali unavuka mwaka ukiwa na kiwango cha chini kilichokubaliwa, kinaingia masika na kitu. Na mwanachama anayekatia kaya yake bima siku ile ile ya mgao, kabla fedha haijafika nyumbani, amepunguza hodi zitakazobishwa kwenye kifuko hicho hadi Desemba nyingine.