Kinaya Katika Ushahidi Haba: Usomaji wa Tamthiliya ya Alcestis ya Euripides

Katika mazungumzo, kinaya husaidiwa na sauti na uso wa msemaji. Katika maandishi, msomaji hubaki na maneno na muktadha wake tu. Kwa tamthiliya za kale za Kigiriki tatizo hili ni kubwa zaidi, kwani waigizaji walivaa vinyago na matini zilizotufikia karibu hazina maelekezo ya jukwaani. Hivyo, mhakiki anayedai kuwa pana kinaya anategemea ushahidi gani?

Alcestis iliigizwa Athens mwaka 438 KK. Mfalme Admetus ananusurika kwa kuwa mkewe, Alcestis, amekubali kufa badala yake. Anamwahidi kuwa hataoa tena. Mara baada ya mazishi, Heracles anamletea mwanamke aliyefunikwa ushungi, naye, baada ya kusitasita, anampokea kwa mkono. Mwanamke huyo ni Alcestis mwenyewe.

Hapa pana vinaya viwili visivyolingana kwa uzito wa ushahidi. Cha kwanza ni kinaya cha kidrama: tangu mwanzo Apollo ametabiri kuwa atakuja mtu wa kumpokonya Kifo mwanamke huyo. Hadhira inajua asichokijua Admetus, na ushahidi umo ndani ya matini.

Cha pili kinahusu msimamo wa mtunzi: je, anamdhihaki mume anayeisahau ahadi, au anamtuza mwenyeji mkarimu? Wanaoona dhihaka huegemea maelezo mafupi ya kale yaliyohifadhiwa pamoja na matini, yasemayo kuwa tamthiliya hii iliigizwa ya nne, nafasi iliyozoeleka kupewa igizo la masatiri lenye mzaha. Tamthiliya tatu zilizoitangulia hazikubaki ila kwa vipande.

Hata ukimya wa Alcestis anaporejea hauamui suala hili. Unaweza kusomwa kama lawama. Lakini Heracles anaueleza kuwa ni mwiko wa siku tatu, na huenda pia ulitokana na uchache wa waigizaji.

Kwa maoni ya mtafiti, kinaya cha kwanza kithibitishwe, na cha pili kitajwe kuwa usomaji unaowezekana. Nafasi ya nne inaruhusu mzaha. Haituambii nani anayechekwa. Mhakiki asiyetenganisha viwango hivi hugeuza kinaya kuwa kiraka cha kuzibia pengo la ushahidi, na kumbebesha Euripides hukumu ambayo ni yake mwenyewe.