Mlango wa Nakshi Hupigwa Saa Nne

Wapiga picha wengi wanaovuka na feri kutoka Likoni, au wanaopita Daraja la Nyali wakitoka Kisauni, huwahi Mji wa Kale wa Mombasa alfajiri. Wameshikilia kwamba jua la asubuhi ndilo zuri. Kwa uso wa mtu, au kwa maji ya bandari ya zamani, ni kweli. Kwa mlango wa nakshi ni hasara, na hasara yenyewe inahesabika.

Nakshi ni kina. Maua, minyororo na mawimbi yamechimbwa kwa patasi, sentimita moja hapa, nusu pale, na jicho huyaona kwa sababu yana kivuli. Jua la saa moja likiukabili mlango unaotazama mashariki, mwanga huingia kila shimo moja kwa moja. Kivuli hakuna, na kinachobaki kwenye picha ni rangi ya mti tu.

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Karibu na tarehe 10 Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua letu hupita utosini kabisa, likipanda nyuzi 15 kwa kila saa na kufika juu kama saa sita na dakika ishirini. Siku hizo hesabu ni nyepesi. Saa tatu na dakika ishirini jua liko nyuzi 45, na ua lililotokeza sentimita moja linaangusha kivuli cha sentimita moja. Saa moja baadaye, kwenye nyuzi 60, kivuli kimefika sentimita 1.7: kila jani linasimama peke yake na kivuli chake bado hakimezi jirani yake. Ngoja saa nyingine, nyuzi 75, na kivuli kinakaribia sentimita 3.7. Hapo kizingiti cha juu kikitokeza sentimita 10 kinafunika sentimita 37 za mlango ulio chini yake, na kazi nzuri kuliko zote, ile ya juu, imezama gizani.

Kwa hiyo mlango wa kuchimbwa sana unaotazama mashariki ni wa saa nne na ushee. Unaotazama magharibi ni wa saa nane na ushee. Ila nakshi ya juu juu, kama ile ya mtindo wa Siyu ambayo kina chake ni milimita chache, inalitaka jua la saa tano, kwa kuwa kivuli chake kinahitaji kuvutwa ndipo kionekane. Vichochoro vyenyewe husaidia: nyumba ya ghorofa mbili iliyo mkabala huziba jua la chini, likaingia tu likishapanda.

Milango inayotazama kaskazini na kusini ina kalenda yake. Mwezi Juni, kusi likivuma, jua limehamia kaskazini na saa sita husimama kama nyuzi 63. Ndio wakati wa milango inayotazama kaskazini, mwanga ukiipita ubavuni asubuhi na jioni. Desemba, wakati wa kaskazi, zamu ni ya milango inayotazama kusini. Anayetaka kuupiga mtaa mzima kwa siku moja atapata nusu ya mtaa.

Halafu kuna nafasi. Lenzi ya milimita 35 kwenye kamera ya fremu ya milimita 36, ikisimamishwa wima, huchukua urefu unaokaribia sawa na umbali wako kutoka mlangoni. Kichochoro cha mita tatu kinakupa mita tatu, na mlango wenye miimo na kizingiti chake unajaa ukingo hadi ukingo. Lenzi ya 24 inakupa mita nne na nusu, na kamera kuu za simu nyingi ziko hapo hapo. Tatizo ni kwamba ukiwa karibu hivyo utashawishika kuinua simu juu kidogo, na miimo ikainamiana kama mlango wa hema. Weka lenzi kwenye usawa wa nusu ya mlango, mbele ya mfaa hasa, uso wa kamera ukiwa sambamba na mbao.

Kuinyoosha picha baadaye kwa kompyuta ni jambo ninalolipinga. Nyumba hizi za mawe ya matumbawe na chokaa zimetitia. Mwimo mmoja umeshuka, kizingiti kimelala upande. Programu haijui kipi ni kosa la kamera na kipi ni umri wa nyumba, inanyoosha vyote. Ning'iniza timazi la mwashi kando ya mwimo kwenye picha moja ya ziada. Uzi ule ukiwa wima, kila kilichopinda kimepinda kweli.

Mwaka 1990 Judith Aldrick alichapisha katika jarida la Azania utafiti wake kuhusu milango ya kuchongwa ya karne ya 19 katika pwani yetu. Utafiti wa namna hiyo huishi kwa kulinganisha: visanduku vya milango ya Kigujarati na vizingiti vya Kiarabu, mlango wa Mombasa na wa Lamu au Unguja. Picha iliyopigwa kimshazari, hata ikipendeza ukutani, haiwezi kulinganishwa na kitu.

Kuhusu mwangaza, tahadhari ni moja. Ukuta mweupe wa chokaa huidanganya kamera, ikapunguza mwanga na mti ukatoka mweusi. Pima kwenye mbao, kisha punguza kidogo tu ili vichwa vya misumari ya shaba visiungue.

Sasa sogea karibu, chini kabisa, pale mwimo unapokutana na kizingiti cha chini. Hapo chumvi, maji ya kudekia na mchwa vimefanya kazi kwa pamoja. Sehemu laini ya mti imelika, ngumu imebaki imesimama kama mishipa, na ua lililochongwa limekuwa uvimbe usio na petali. Pandisha jicho hadi kimo cha kifua: kingo za nakshi zimelainika kwa mikono na mabega ya wapitao. Juu kwenye kizingiti, ambako hakuna mkono unaofika, alama za patasi bado ni kali. Picha tatu za karibu, kwa mwanga mmoja, zinaonyesha mlango ulivyochakaa kwa tabaka.

Linganisha na milango mipya inayoanikwa kando ya barabara kwenye karakana. Ile iliyochongwa kwa mashine, jua la ubavuni linaifichua mara moja: vivuli vyote vina upana mmoja. Kwenye mlango wa mkono, petali moja imezama zaidi ya mwenzake, na mahali patasi ilipoteleza panaonekana.

Mlango ni wa nyumba ya watu. Piga hodi, amkia walio barazani, taja saa utakayorudi jua likifika, na usipige ndani mlango ukiwa wazi. Kwenye faili andika mtaa, tarehe, saa na upande unaotazamwa na mlango. Chapisha nakala moja umpelekee mwenye nyumba, na nyuma yake maelezo hayo hayo kwa kalamu.