Urahisi wa Matumizi na Uhuru wa Kurekebisha katika Mifumo Endeshi ya Kompyuta
Kulinganisha mifumo endeshi kwa kigezo cha urahisi pekee ni kumpima mtumiaji wa leo na kumsahau fundi wa kesho. Windows humpokea mgeni kwa wepesi, lakini msimbo wake chanzo umefungwa. Kiswahili chake hutegemea uamuzi wa kampuni. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hudai subira zaidi, ila huruhusu kufunguliwa, kurekebishwa na kusambazwa. Uhuru wa aina hiyo, katika programu za ofisi, ndio uliouwezesha mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Hata hivyo, leseni huria haizai mafundi. Sera inayonunua urahisi bila kufundisha ufundi huendeleza utegemezi. Ile inayosifu uhuru bila kugharimia matunzo huacha programu zichakae.