Pongezi kwa Fundi wa Mabomba

Miongoni mwa mafundi wanaostahiki shukrani zetu, ni nadra kutajwa yule atafutaye maji yavujayo chini ya sakafu ya zege, ilhali kazi yake yataka akili, subira na uaminifu. Mjini Mombasa, ambako maji ya chemchemi za Mzima husafiri zaidi ya kilomita 200 ndipo yafike majumbani, kila tone lipoteapo ardhini ni hasara ya mji wote. Fundi hodari hakimbilii nyundo: kwanza huifunga mifereji yote, akaitazama mita, ikiwa bado yazunguka, hungoja usiku utulie, akaisimamisha nondo sakafuni na kutega sikio kwenye ncha yake, hata aitambue sauti ya maji. Hapo ndipo hupasua mahali padogo, akaliondoa bomba lililoliwa na kutu, akaunga jipya, wala hamwagi zege kabla ya kulijaribu kwa maji. Na akiona bomba zima limechakaa, hunena kweli, akashauri jipya lipitishwe ukutani, ijapokuwa kupasua mara kwa mara kungemzidishia ujira. Fundi wa namna hiyo na alipwe haki yake kabla jasho lake halijakauka, na vijana wetu wapelekwe kwake wakajifunze.